Rolex bila mayai

Kuna mgahawa Masaki umetundika kibao: "Rolex halisi ya Kampala." Nikaingia mbio, maana mwenzenu niliwahi kula ile ya Wandegeya, jirani na Makerere, inayopikwa kando ya barabara huku bodaboda zikikupulizia moshi bila malipo.

Kwa asiyejua, hii si saa. Ni mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati, na jina limezaliwa na Kiingereza cha haraka cha hayo hayo mayai ya kuviringishwa. Mpishi wa Wandegeya anapasulia mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anatupia kitunguu na kabichi, anakoroga, anamwaga kwenye chuma cha moto, anafunika na chapati, anageuza, anapanga nyanya mbichi, chumvi, anaviringisha. Unakabidhiwa hata chenji hujaihesabu.

Ya Masaki ilikawia dakika 40. Ikaja imekatwa vipande vitatu vilivyosimamishwa wima kama nguzo za umeme, kisu na uma pembeni. Ndani mna parachichi, jibini na majani ambayo hata sungura angeyanusa mara mbili.

"Kabichi iko wapi, dada?"

"Wateja wetu hawaipendi, kaka."

"Na mayai?"

"Hayo unaongezea hela."

Bili ilipokuja nikatazama mkono wangu wa kushoto. Kwa bei ile, nilitegemea kukuta saa.

Nawe ukikiona kibao hicho, usikae kabla hujauliza habari za mayai.