Shajara ya kifusi

Jumatatu

Fundi amefika saa moja asubuhi na vijana wake kuvunja jiko la nje. Jiko hilo ni la zamani kama nyumba yenyewe, moja ya nyumba za wafanyakazi zilizobaki hapa Kakanda, Kongo, tangu enzi za kampuni ya madini ya Gécamines, na ukuta wake wa nyuma umeinama kiasi kwamba tangu mvua za mwaka jana nimekataza watoto kupita upande huo. Kazi yetu ni hii: kuondoa jiko, kuchimba shimo jipya la choo, kufukia shimo la zamani. Kinachonishughulisha ni uchafu utakaotoka humo. Kujenga kila mtu ana shauri la kukupa. Kuondoa kifusi hakuna anayekukumbusha mpaka kimekuzibia mlango.

Kabla nyundo haijagusa tofali nimechukua futi kamba. Jiko lina urefu wa mita 4, upana mita 3, kimo mita 2.5, na ukuta una unene wa sentimita 20. Ukitoa mlango na dirisha, ni mita za ujazo 6.5 hivi. Nimeandika nyuma ya daftari la mtoto.

Saa tisa kuta zote zilikuwa chini na lundo limefunika njia ya kwenda bombani. Yaya jirani, ambaye amejenga na kubomoa kuliko mimi, aliuliza kama tumevunja na chumba kimoja cha nyumba. Hatujavunja. Ukuta ukianguka, vipande havilali tena kama vilivyopangwa. Vinaachana, hewa inakaa katikati, na mita 6.5 zinakaribia 10. Ujazo huo ndio wa kumtajia mwenye kamyo. Uzito lakini haukuongezeka hata kilo: ni zile zile tani 11 hivi zilizokuwa zimesimama.

Leo tumechota maji kwa jirani.

Jumanne

Mdogo wangu anayeishi Marekani amenieleza kwenye simu jinsi wanavyofanya kule. Unakodisha sanduku kubwa la chuma, gari linalishusha mbele ya nyumba, unalijaza kwa siku kadhaa, kisha gari linarudi kulibeba. Yapo ya yadi za ujazo 10, 20, 30 na 40. La yadi 10 ni karibu mita za ujazo 7.6, la 40 ni kama mita 30. Mtu akitupa makochi, mbao na mabati, anachukua kubwa. Akitupa matofali, zege au udongo, wanampa dogo hata kama lundo lake ni refu, kwa sababu kubwa likijaa matofali gari halilinyanyui. Tena hakuna kujaza kupita ukingo.

Mimi nimelishika hilo. Sisi hatukodishi sanduku, tunakodisha kamyo kwa safari, lakini tofali la Kakanda lina uzito ule ule.

Mwenye kamyo amekuja mchana, amelizunguka lundo akiwa na mikono mfukoni. “Mama, hapa chukua beni ya magurudumu kumi. Safari moja, imekwisha.” Nikamwambia, “Papa, pita kwanza uangalie kijia.” Akasema njia za hapa anazijua. Baba watoto amependa maneno ya safari moja. Wamekubaliana bei.

Jumatano

Beni imekuja. Ina upana wa mita 2.5 na lango letu lina mita 2.8, kwa hiyo kwa upana inapita. Lakini ina urefu wa mita 8, na kijia chetu kina mita 5 kutoka ukuta hadi ukuta. Kamyo haikati kona hapo. Dereva amejaribu kwa mbele, amejaribu kinyumenyume, vijana wa fundi wakimpigia kelele kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Wauza makala ya kupikia watatu, magunia yamewapita kichwa juu ya baiskeli, wamesimama nyuma yake wakisubiri. Baiskeli ya makala haiegeshwi popote. Ukiiachia inaanguka, na kuisimamisha tena kunataka watu wawili. Mmoja amesimama ameikumbatia muda wote huo bila kusema neno.

Gurudumu la nyuma limepanda juu ya bamba la zege lililofunika mfereji. Bamba limekatika. Vipande vyake tumeviongeza kwenye lundo.

Kamyo imeondoka tupu. Dereva ameomba makuta ya mafuta, tumempa, kwa sababu mafuta ameyachoma kweli. Wauza makala wamepita.

Jioni vijana wameanza shimo jipya. Litakuwa mita 2 kwa 2, kina mita 3. Hizo ni mita za ujazo 12 zikiwa ardhini. Udongo ukichimbuliwa unaumuka, robo yake ama zaidi, kwa hiyo nahesabu 15.

Alhamisi

Mvua imenyesha usiku kucha. Udongo mkavu uliochimbuliwa una tani 1.3 hivi kwa mita ya ujazo. Ukinywa maji unakaribia 1.8. Lundo halijakua hata kidogo kwa macho. Ndiyo maana kamyo zinavunjika springi msimu huu: dereva anatazama kimo cha mzigo na mzigo una kimo kile kile cha Septemba. Nimetandika turubai juu ya udongo uliobaki. Yeyote anayechimba kati ya Novemba na Aprili katika nchi hii ya Katanga anunue turubai kabla ya kununua sepeto.

Asubuhi nimekuta juu ya kifusi chetu godoro lililooza, kiti cha plastiki chenye miguu mitatu, na maganda ya mihogo ya siku mbili tatu. Havikuwa vyetu. Mdogo wangu anasema hata Marekani sanduku likilala nje usiku linaamka na vitu vya mtaa mzima, na anayelipa ni aliyekodisha. Nimemwomba kijana mmoja alale karibu na lango. Amekubali. Godoro lenyewe limebaki letu.

Ijumaa

Shimo limefika mita mbili na udongo umebadilika rangi. Kijana wa fundi ametoa jiwe dogo, upande mmoja kahawia, upande mwingine kijani. Amelifuta kwa kidole gumba chenye mate, kijani kikang’aa. Ni malakiti, kila mtoto wa huku analijua jiwe la shaba.

Ilipofika saa nne kulikuwa na watu kwenye lundo la udongo. Walikuja na ndoo, mmoja na kichekecho cha unga. Walikuwa na adabu, walibisha hodi, wengine ni watoto wa jirani zetu. Wamechekecha udongo wote, wameutandaza kutoka langoni hadi kwenye mfereji uliovunjika, na walichopata hakikujaza sahani. Wameondoka wakiaga vizuri. Udongo umebaki barabarani.

Siwalaumu. Huko Kolwezi, mtaa wa Kasulo, mwaka 2014 watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao wenyewe kutafuta kobalti, na mashimo yakaingia hadi vyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walipima vumbi la mtaa huo pamoja na damu na mkojo wa wakazi, wakachapisha mwaka 2018: kobalti ilikuwa juu kuliko kwa majirani wasio na machimbo, na kwa watoto ndiyo ilizidi. Nimewaambia wanangu wasicheze kwenye udongo huu, wanawe mikono kabla ya kugusa bukari. Nimemwagia maji pale ulipokauka usipeperuke. Kama ningeweza kuurudisha wote shimoni ningeurudisha leo.

Jumamosi

Leo tumeanza na kile ambacho ningependa kila mwenye nyumba aanze nacho: kutenganisha. Fundi ameketi juu ya ndoo, anachukua tofali mbili, anazigonganisha. Ikilia kama chuma, inawekwa kulia. Ikitoa sauti ya udongo, kushoto. Hajainua macho mpaka saa tano. Tofali hizi zilichomwa vizuri. Nyingi zimetoka nzima. Yaya jirani anajenga banda la kuku, amezichukua zote kwa pusupusu, na ameahidi kumwaga bamba jipya la mfereji. Mabati na nondo wamechukua wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mbao ni kuni. Tofali za kushoto na vipande vya zege vimeingia shimo la choo la zamani, tukatanguliza majivu, tukashindilia, tukafunika na udongo ule ule wa malakiti hadi juu, ukapita usawa wa ardhi kidogo kwa sababu utadidimia.

Baada ya hapo lundo lililokuwa likihitaji beni ya magurudumu kumi lilikuwa mzigo wa Canter, kamyo ndogo.

Canter imekuja, imekata kona bila shida. Nimemwambia dereva asijaze hadi usawa wa ubao: sanduku lake lina mita za ujazo 3 hivi, udongo mbichi wa ujazo huo ni zaidi ya tani 5, na gari ni la tani 4. Kwa hiyo hata ukingo ni juu mno. Tumejaza mpaka robo tatu hivi. Vijana wamenung’unika. Dereva hakunung’unika, springi ni zake.

Nimemuuliza atamwaga wapi. “Kule chini, mama, kwenye kijito.” Nimekataa. Mvua hii ikikuta udongo kwenye kijito, maji yatahamia vyumba vya watu walio bondeni, na watu hao tunasali nao. Swali la atamwaga wapi linatakiwa kuulizwa kabla ya bei, maana bei ndogo mara nyingi ni bei ya kijito. Nimekwenda kwa shefu wa mtaa. Leo ilikuwa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, watu walikuwa tayari barabarani na makoleo, wakiangalia korongo ambalo mvua imelichimba katikati ya njia ya kwenda sokoni. Udongo wetu umeingia humo, chini vipande vya tofali, juu udongo, ukashindiliwa kwa magogo. Canter imekwenda na kurudi hadi jua likakaribia kuzama. Katika safari ya mwisho imepata pancha ikiwa imefika korongoni, kwa hiyo imemwaga papo hapo.

Godoro hakuna aliyelitaka.

Jumapili

Baada ya misa vijana wamekuja kumalizia kushusha paa la choo cha zamani, ambalo si bati bali ni vigae vipana vya simenti iliyochanganywa na asbesto, kama vilivyoezekwa kwenye majengo mengi ya zamani. Kijana mmoja aliinua nyundo avivunje vipande viingie kwenye gunia. Nimepiga ukelele mpaka jirani ametoka nje. Vumbi la asbesto linaleta saratani ya mapafu, na ugonjwa hauji kesho, unakuja baada ya miaka 20 au 40, wakati hakuna anayekumbuka choo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani. Havivunjwi, havikatwi kwa msumeno, havitwangwi kuwa kifusi cha kujazia barabara, na havifagiliwi vikiwa vikavu.

Tumevimwagia maji, tumefungua misumari kwa mkono, tumevishusha kimoja kimoja vikiwa vizima, tumevifunga kwa plastiki nene mara mbili. Kimoja kilichanika plastiki pembeni, tumefunga ya tatu. Nguo za vijana nimeziloweka kwenye beseni peke yake. Sasa vimelazwa nyuma ya nyumba, vimefunikwa, na jiwe juu.

Mzigo huo hauchanganywi na mwingine, wala hauendi kwa Canter ya kawaida kumwagwa popote. Kama wewe unayesoma unafanya kazi kwenye mgodi wa huku, iwe Kambove, Fungurume au Likasi, na kampuni yako ina shimo la taka hatari lenye kibali, zungumza na wakubwa wako wafungue lango siku moja kwa mwaka kwa vigae vya wananchi. Vyetu viko tayari, vimefungwa, na kuvisafirisha tutalipa wenyewe.