Njooni Mchukue Mashaka Yenu

Kwa Waheshimiwa wa Kamati Kuu ya Kitaifa,
Chama cha Orange Democratic Movement,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: KUREJESHA MALI YA CHAMA

Natumai mko salama, nyinyi na wizara zenu. Mimi ni mwanachama wa maisha katika wadi ya Kangemi, eneobunge la Westlands. Nawaandikia kwa sababu kuna mali ya chama iliyobaki kwangu tangu zamani, na sitaki siku ya uchaguzi, tarehe 10 Agosti 2027, inikute nayo kituoni nikaonekana mwizi. Mali yenyewe ni mashaka, na yote yanamhusu mtu mmoja: Mheshimiwa Dkt. William Samoei Ruto. Mlinikabidhi wenyewe, kwa awamu, bila malipo, mara nyingi kwa kipaza sauti.

Nasikia huenda huyo ndiye atakayekuwa mgombea wetu. Wengine wenu husema chama kitasimamisha mtu wake, halafu wakishuka jukwaani wanaimba "tutam", yaani Ruto mihula miwili, kwa sauti kubwa kuliko UDA, chama chake mwenyewe. Seneta wetu wa Nairobi, Edwin Sifuna, amekataa hadharani, na nimeona mlivyomkasirikia. Mimi si seneta. Sina pa kukatalia. Lakini nikiambiwa nimpigie kura mtu, inabidi kwanza nijue niyaweke wapi yale mliyonifundisha juu yake, maana nyumba yangu ni ya chumba kimoja.

Mjue kwamba kwa asili mimi si mtu wa kushuku. Nauza mayai na mkate karibu na steji, na mteja akiniambia atalipa jioni, namwandika kwenye daftari tunaachana. Mashaka nilipewa na chama. Chukueni mfano wa Agosti 2022. Nilikuwa ajenti wenu katika kituo kimoja hapa Kangemi. Tulihesabu kura hadi usiku wa manane, nikatia sahihi Fomu 34A ya matokeo, nikaipiga picha. Baadaye nilipoitafuta katika tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, nikaikuta ni ileile, hata sahihi yangu iliyopinda kwa usingizi ilikuwa palepale pembeni. Kwa hiyo mimi, kwa macho yangu, sikuwa na shaka hata kidogo. Tume ikatangaza Ruto asilimia 50.49 na Baba, Raila Odinga, asilimia 48.85, nikahuzunika kama mtu aliyeshindwa anavyohuzunika. Nyinyi ndio mlioniambia hapana, huzuni haitoshi, inatakiwa hasira. Kituo chako kilikuwa sawa, mkasema, lakini vingine je? Nikafikiri: kweli, vingine je.

Tarehe 5 Septemba 2022 Mahakama ya Juu ikatupilia mbali kesi yetu. Nilitarajia mambo yaishie hapo, lakini Januari 2023 mkatuita Kamukunji mkatuambia kwamba Baba alipata kura milioni 8.1, kwamba ushahidi upo, kwamba sava ifunguliwe. Nikaiweka kando picha ya fomu niliyoisaini kwa mkono wangu, nikachukua hiyo milioni 8.1. Ninayo mpaka leo. Sasa niulize kwa unyenyekevu: zile kura zilikwenda wapi mlipoingia serikalini? Kama ziliibwa, je, zilirudishwa kimyakimya mimi nikiwa dukani? Na kama hazikuibwa, mbona nilitembea barabarani na sufuria kichwani?

Maana nilitembea, waheshimiwa. Maandamano ya Jumatatu yalipoanza tarehe 20 Machi 2023, nilifunga kibanda nikaenda. Sikudai fidia ya mayai, wala sidai leo. Lakini ipo sehemu moja ya mali hii ambayo naomba muishike kwa mikono miwili mtakapokuja. Tarehe 12 Julai 2023 kitoa machozi kiliingia madarasani Shule ya Msingi ya Kihumbuini, hapa Kangemi, na watoto zaidi ya 50 wakapelekwa hospitalini. Chama kilisema siku hiyo, na kilisema vizuri, kwamba serikali inayowafanyia watoto hivyo haistahili kuaminiwa. Nilikubali, na sikuhitaji kipaza sauti kunishawishi. Miaka miwili baadaye, Saba Saba ya 2025, moshi ukarudi palepale Waiyaki Way, vijana wakikimbia vichochoro vilevile. Tofauti pekee niliyoiona ni kwamba safari hii upande wa waliotuma moshi kulikuwa na watu wetu katika Baraza la Mawaziri. Nilisikiliza redio jioni nione chama kitasema nini. Kilisema mambo mengi kuhusu utulivu.

Nawataja wanne kwa heshima: Opiyo Wandayi kwenye Kawi, Hassan Joho kwenye Madini, Wycliffe Oparanya kwenye Ushirika, na John Mbadi kwenye Hazina ya Kitaifa. Mheshimiwa Mbadi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kitaifa. Rais alipoanza kuitwa Zakayo kwa sababu ya kodi, jina hilo lilishangiliwa sana katika mikutano yetu, na mimi nililishangilia. Siku hizi sanduku la Zakayo linashikwa na mwenyekiti wetu wa zamani, naye hulisomea bajeti kila Juni. Sina neno na hilo. Nataka tu nielekezwe: je, jina hilo tulirudishe kwa mwenyewe, au sasa ni letu sote, kwa kuwa serikali ni jumuishi?

Mkataba wenu na UDA wa tarehe 7 Machi 2025, ule wa KICC, una ajenda kumi. Zimo za kuwalipa fidia waathiriwa wa maandamano, zimo za ugatuzi, zimo za deni na ufisadi. Nimezipitia nikitafuta ya kumi na moja, inayosema ni lini hasa mwanachama wa kawaida ataacha kushuku, na atajulishwa kwa njia gani. Haimo. Viongozi walisaini, wakapigwa picha, na nafikiri mlidhani mashaka yetu yatakufa yenyewe kwa kukosa maji.

Sisi wa Westlands tungewaeleza kwamba hayafi. Hapa tuna uzoefu. Mheshimiwa Fred Gumo alituwakilisha akiwa KANU, kisha akiwa NARC, kisha akiwa chungwa, na kila mara tulihamia naye tukiambiwa chama tulichotoka kilikuwa cha waongo. Mwaka wa 2022 mbunge wetu Tim Wanyonyi alikuwa tayari kugombea ugavana wa Nairobi kwa tikiti ya chungwa. Mkamwomba ampishe Polycarp Igathe wa Jubilee. Mtakumbuka, au labda hamkumbuki, kwamba Igathe ndiye aliyejiuzulu unaibu gavana Januari 2018, miezi michache tu baada ya kuapishwa, akieleza kwamba ameshindwa kupata imani ya bosi wake, Mike Sonko. Basi mkachukua mtu aliyejiuzulu kwa kukosa kuaminiwa na mtu mmoja, mkamleta aaminiwe na jiji zima. Tulijaribu. Sakaja wa UDA akashinda. Na yule mliyemwondoa ni ndugu yake Moses Wetang'ula, ambaye wakati huo tulikuwa tukimzomea kwa kwenda Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, na ambaye kama tungekuwa na ramani tungejua kwamba alitangulia tu.

Wazee wa Kangemi wana kumbukumbu ndefu zaidi, na hawa ndio hunipa shida jioni. Wanasema: tulishaagizwa kuamini hivi. Tarehe 18 Machi 2002, pale Kasarani, NDP, chama cha Baba wakati huo, ilivunjwa ikaingia KANU. Trekta la NDP, ambalo ndilo lililompa Baba jina la Tinga, likaegeshwa katika boma la Moi, naye akapewa ukatibu mkuu wa KANU. Wafuasi wa NDP waliokuwa wamefundishwa kumshuku jogoo wa KANU kwa miaka yote ile wakaambiwa jogoo ni ndege mzuri. Walijitahidi. Wengine walikuwa karibu kufaulu. Baadaye mwaka huohuo, Moi akamleta Uhuru Kenyatta awe mgombea, Baba akatoka, na siku Uhuru alipoidhinishwa Kasarani, mwezi Oktoba, sisi tulikuwa Uhuru Park tukisikia "Kibaki Tosha". Imani ile ya KANU ilidumu miezi saba. Mzee mmoja huniambia bado ana kipande chake, hajui ofisi gani inapokea.

Kwa haki, wazee haohao hunikumbusha pia kwamba Dkt. Ruto si mgeni kwetu. Alikuwa katika Pentagon, lile kundi la vinara wa chungwa. Tarehe 1 Septemba 2007, Kasarani tena, alishindania tikiti ya chungwa akapata kura 368, Mudavadi 391, Baba 2,656. Kwa hiyo mkitaka, mnaweza kutangaza kwamba mwana mpotevu amerejea, na kwamba zile kura 368 zilikuwa zinachelewa tu kuiva. Ningeielewa hadithi hiyo. Tatizo ni kwamba katika ile hadithi ya Injili, mwana ndiye aliyerudi nyumbani kwa baba yake. Hapa ni nyumba iliyobeba magodoro ikamfuata mwana.

Kuhusu Baba, nitasema kidogo. Alitutoka tarehe 15 Oktoba 2025, huko India, na kuna watu hapa ambao bado hawajaondoa picha yake dukani, mimi nikiwa mmoja wao. Tangu azikwe Bondo, nimegundua kwamba alizungumza faraghani na kila mmoja wenu. Mmoja aliachiwa agizo kwamba tubaki serikalini. Mwingine aliagizwa kwamba tutoke. Wa tatu aliambiwa jambo zito ambalo atalitoa wakati ukifika. Mimi alinihutubia uwanjani tu pamoja na watu elfu kadhaa, kwa hiyo ninachojua ni kile alichosema mbele za watu, na kile alichosema mbele za watu ndicho kimejaa humu chumbani. Najua pia kwamba yeye mwenyewe alipeana mkono na Moi, na Kibaki, na Uhuru, na mwisho na Ruto. Lakini alipotoka kwenye salamu alikuwa akija kutueleza, hata kama ni kwa kitendawili, na tulikuwa tukimwachia yeye tofauti iliyobaki. Hiyo tofauti tulimkopesha yeye binafsi. Hamkuirithi pamoja na ofisi.

Ndiyo maana sisumbuliwi sana na jina la mgombea. Siasa ni siasa, na sisi wa kura tumeshazoea kuambiwa adui wa jana ni mkwe wa leo. Ninachoomba ni karatasi. Kila mmoja wenu aliyesimama jukwaani kati ya Agosti 2022 na Julai 2024 akatuambia jambo kuhusu Dkt. Ruto, aandike: nilisema hivi, tarehe fulani, ilikuwa kweli, au haikuwa kweli. Atie sahihi, kama mimi nilivyotia kwenye 34A. Msinipe maelezo ya hali ya nchi na umoja wa taifa. Niambieni tu kipi nifute na kipi nibaki nacho. Yale yatakayoandikwa "ilikuwa kweli", mniruhusu niende nayo kituoni. Yale ya "haikuwa kweli", nitayafuta siku hiyohiyo, ingawa nitabaki na swali jingine dogo kuhusu wale walioyasema, ambao naona nao watakuwa kwenye debe.

Mpaka hapo, nitakuwa mwanachama mwaminifu asiyemwamini mgombea wake, na nitakuwa nimefundishwa hivyo na chama chake. Nikiulizwa na vijana wa "wantam", wanaotaka Ruto aishie muhula mmoja, niko upande gani, nawaambia niko chungwa. Wanacheka sana. Hawa walienda barabarani tarehe 25 Juni 2024 bila chama chochote, na sasa wanaponiona na kadi yangu wananiuliza kama ni ya matibabu.

Mkiamua kuja kuchukua mali yenu, niko kibandani kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Njooni na gari kubwa. Msipite ile barabara ya juu ya kulipia. Inaishia Westlands kabla ya kutufikia, na msafara ukishateremka pale mtalazimika kuja Waiyaki Way kama sisi, katikati ya matatu. Msitume kijana wa bodaboda wala mratibu wa tawi, maana hao walipewa mashaka pamoja nami na wana yao ya kurudisha. Aje mmoja wenu aliyewahi kushika kipaza sauti. Nitamhesabia moja baada ya jingine, naye atasaini kwamba amepokea.

Wenu katika chungwa,

Mwanachama wa maisha, na ajenti mstaafu,
Wadi ya Kangemi.

Nakala kwa: Makao Makuu ya UDA, iwapo nyinyi mtakuwa mmehama kabla barua haijafika.