Gundi ya Wali na Mkono Usio na Mwenyewe

Mtu akitaka kujifunza kutengeneza albamu ya kumbukumbu, zile za kubandika foto, barua na tiketi za zamani kisha kuzipamba pembeni, wataalamu humwambia aanze kwa kutafuta karatasi isiyo na asidi. Ushauri huo niliupeleka sokoni kwetu Salamabila, jimboni Maniema, Kongo, kwa muuza makaye, yaani madaftari, naye akanitazama kwa huruma.

"Asidi? Wale wa batri njo wanauzaka, mwalimu. Vuka barabara."

Nikamweleza kwamba ninataka isiyo nayo. Akafikiri kidogo, akasema karatasi zake zote hazina, tena hata zile za kufungia mandazi hazina, na ndizo za bei nafuu.

Sikumlaumu. Karatasi ya kaye hutengenezwa kwa mti, na kilichobaki ndani yake ndicho kinachoigeuza manjano kidogo kidogo, jua likizidisha, mpaka inakatika ukiikunja. Foto iliyolala juu yake nayo huchafuka. Huhitaji maabara kulijua hilo: fungua kaye lolote la zamani nyumbani kwako, utaona ukingo umegeuka manjano kuliko katikati. Mwishowe nilipata karatasi nzito za kuchorea, zilizokuja kwa njia ya Uvira na Fizi zikiwa zimefungwa pamoja na mizigo mingine, kwa hiyo kila moja ina alama ya kamba katikati. Sasa hiyo ni sehemu ya pambo.

Kazi yenyewe sikuiomba. Shangazi yangu wa Kasongo alituma valizi iliyojaa foto, ikaja kwenye pikipiki pamoja na kuku, na maagizo akayapitisha mdomoni mwa mwendesha pikipiki. Barabara yetu inajulikana. Alipofika Salamabila, kijana alikuwa amebaki na nusu ya maagizo: alikumbuka kwamba kuna mtu mmoja ambaye hatakiwi kabisa kuonekana katika albamu hiyo, ila ni nani, hilo lilidondoka njiani kwenye matope.

Nikafungua valizi, nikaanza kuwatazama ndugu zangu kama polisi. Nani kati ya hawa? Kulikuwa na wazee waliovaa abakosti za miaka ya 1970, wakati Rais Mobutu alipokataza suti na tai, kila mmoja amesimama wima kana kwamba atahutubia taifa. Kulikuwa na wasichana wenye vitenge vya mfano mmoja. Na kulikuwa na redio. Redio ileile, yenye kona moja iliyovunjika, imepakatwa na bwana harusi, imewekewa kiwiko na mama mmoja, imelaliwa na mtoto mchanga, katika foto za familia tatu zisizokuwa na udugu wowote. Ilikuwa mali ya studio. Watoto wangu wameamua kwamba redio ndiye babu.

Baada ya karatasi huja mkasi. Nyumbani kwetu upo mmoja, tena mzuri, na ni wa mke wangu ambaye ni fundi cherehani. Mafundi wote duniani wana sheria moja: mkasi wa kitambaa haugusi karatasi, kwa sababu karatasi inayafanya makali yake yawe butu. Mimi niliijua sheria hiyo. Mdogo wangu hakuijua. Tulikula muhogo mkavu siku hiyo, na tangu hapo ninakata kwa wembe na rula juu ya kipande cha kioo. Nakuambia, wembe unakata vizuri kuliko mkasi: mstari unanyooka, na kioo hakiharibiki. Kibano cha kushikia vitu vidogo niliazima kwa mnunuzi wa dhahabu. Mji unaokaa karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya haukosi mtu mwenye kibano.

Shangazi akaja mwenyewe kusimamia. Hapo ndipo tulipomjua asiyetakiwa: mume wake wa kwanza. Yumo katika foto nzuri kuliko zote, ameketi karibu naye, mkono begani kwake. Shangazi akaomba wembe. Nikamshauri tufunike tu, kwani foto haina nakala, akasema yeye ndiye nakala. Akakata. Akakata vizuri sana, akamtoa bwana mzima kuanzia kichwa mpaka kiatu, isipokuwa mkono, maana mkono ulikuwa umelala juu ya nguo yake mwenyewe na hakutaka kujikata. Kwa hiyo leo shangazi ametulia anatabasamu, na juu ya bega lake kuna vidole vitano na saa ya chuma, visivyotoka popote.

"Koko, huu mkono ni wa nani?" mjukuu akauliza.

"Wa mpiga picha," akajibu.

Vitabu vya albamu vina sura nzima juu ya mapambo: maua, utepe, vifungo. Nilikuwa nikidhani ni mambo ya watu wenye nafasi. Kumbe pambo lina kazi. Nilikata ua kutoka kwenye kitenge, nikalibandika kwenye kipande cha karatasi angavu ya plastiki, nikakiweka juu ya foto bila gundi yoyote kuigusa. Mkono umefunikwa. Saa inachungulia kidogo.

Gundi ndiyo habari kubwa. Skotchi usiitumie, hata kama iko mkononi: baada ya miaka michache inakauka, inaanguka yenyewe, na inaacha doa la kahawia lisilotoka. Zile albamu za madukani zenye mistari ya gundi chini ya plastiki nazo ni adui mwenye adabu. Zinaipokea foto vizuri, haziirudishi. Ukitaka kuinasua, pitisha uzi mwembamba nyuma yake polepole kama msumeno. Mwaka 1873 Mark Twain, mwandishi yule wa Marekani, alipata hataza ya kitabu chenye kurasa zilizopakwa gundi tayari. Mtu analowesha tu na kubandika. Ni wazo la mtu asiyewahi kuona masika ya Maniema. Hapa kitabu hicho kingejilowesha, kikajifunga, na hakuna ambaye angekifungua tena.

Iliyobaki ni gundi ya wanga, ambayo hata mafundi wa kuhifadhi nyaraka katika majumba ya makumbusho wanaitumia, kwa sababu ukiilowesha inaachia. Wao hupenda ya ngano. Sisi tuna mchele. Mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake kutoka pwani walituletea mpunga katika karne ya 19, na tangu hapo Maniema haijauacha. Saga mchele uwe unga laini, koroga kwa maji baridi, weka juu ya moto mdogo ukikoroga mpaka ugeuke kutoka mweupe kuwa wa kung'aa, kisha chuja kwa kitambaa. Wazee wa kazi hiyo walikuwa wakitia tone la mafuta ya karafuu lisiruhusu ukungu. Tippu Tip karafuu aliziacha Zanzibar, lakini nilipata kichupa kwa muuza dawa za meno.

Nikaiacha sufuria ipoe jikoni. Mwenye kibano akaja kudai chombo chake, mimi nimetoka. Mama mkwe, ambaye hawezi kuona mgeni amekaa mikono mitupu, akaona uji. Akautia sukari, akampa. Niliporudi nilimkuta mnunuzi wa dhahabu anafuta kikombe kwa kidole, anasifia ile harufu ya karafuu, na anasema kibano nibaki nacho kwanza. Hakuna aliyemwambia. Gundi ya wali haina sumu, na sasa kila akipita anauliza kama tumepika.

Waliomzidi kwa kuipenda ni mende. Wanga ni chakula, na mende hasomi albamu, anaila. Kwa sababu hiyo gundi inapakwa nyembamba sana, ukurasa unaachwa ukauke kabisa kabla ya kufungwa, na foto yenyewe haipakwi. Hata kidogo. Hasa zile za siku hizi zinazotoka kwenye printa ya wino: binamu yangu alizipaka za harusi yake kwa nyuma, kwa ukarimu, na bibi harusi akatiririka rangi ya samawati mpaka kwenye keki.

Foto inashikwa kwa pembe. Kata kipande cha karatasi chenye urefu wa sentimita 4 na upana wa 2, ulaze ule urefu mbele yako, kisha kunja pembe mbili za juu zishuke zikutane katikati ya ukingo wa chini. Umepata pembetatu yenye mfuko. Gundi inapakwa nyuma ya pembetatu hizo, nne kwa kila foto, na foto inachomekwa humo ikiwa kavu. Siku ukitaka kuitoa, inatoka nzima.

Na utataka kuitoa, kwa sababu ya ndugu. Ukurasa wa kwanza wa albamu ni sawa na kiti cha mbele kwenye gari. Shangazi alitaka uwe wa baba yake, baba mdogo akaleta hoja kwamba aliyezaliwa kwanza ni mwingine, upande wa mama ukauliza kama wao walitoka porini. Sikubishana na yeyote. Nilitoboa kurasa zote matundu mawili, nikazipitisha kamba, nikafunga fundo linalofunguka. Akibisha hodi mtu wa upande wowote, mke wangu anamchelewesha mlangoni kwa salamu, mimi nafungua kamba na kupanga upya. Kila mgeni aliyekwisha kuifungua albamu yetu amewakuta wazazi wake mbele, na wote wanasema nimefanya kwa haki.

Shangazi alidai pia tuweke kadi yake ya kupigia kura ya mwaka 2023. Kadi nyingi za mwaka ule zilianza kufutika kabla hata ya uchaguzi wa Desemba, na ya kwake sasa imebaki kivuli chenye kilemba. Tumeiweka. Karatasi za namna hiyo, pamoja na risiti, zitolewe fotokopi mapema.

Kuhusu ukubwa sina mjadala. Zipo albamu pana kama meza, zenye jalada lenye sifongo, na ni nzuri kwa nyumba ambayo haijawahi kuhamwa usiku. Salamabila tumeshakimbia milio ya bunduki zaidi ya mara moja, na kitu kisichoingia katika furushi hubaki. Ya kwetu ni ya ukubwa wa kaye, jalada la karton lililovikwa kitenge, na siku ya safari inatiwa ndani ya nailoni. Siku za kawaida nailoni inatolewa, maana inafungia unyevu.

Majina yanaandikwa nyuma kwa kalamu ya risasi, kwa mkono mwepesi. Biki inachapa mpaka mbele. Kama unazo foto za wazee wa Kasongo au Kabambare ambao huwajui, wapelekee waliobaki waseme majina wiki hii. Karatasi na gundi vitasubiri.