Nyumba Katikati, Boti Mkiani: Namna ya Kuvuta Vyote Viwili na Ukafika

Marekani kuna watu ambao likizo haijawa likizo mpaka nyumba na boti vitoke getini siku moja. Pikapu mbele, karavani kubwa katikati, boti juu ya tela lake mkiani: vipande vitatu, mita ishirini hivi, dereva mmoja. Minnesota, jimbo lenye maziwa zaidi ya 10,000 na Wakenya wengi tu, kishawishi hicho ni kikubwa. Anayetaka kujaribu nitamwelekeza, tena bila kumficha kitu, maana kumringishia jirani hakusimamishi gari kwenye mteremko.

Anza na sheria, kwa sababu askari wa barabarani naye ataanzia hapo. Kila jimbo lina yake. Minnesota inaruhusu msafara usiozidi futi 70, yaani mita 21 na kidogo. Dereva awe ametimiza miaka 18, na uwezo wa pikapu wa kuvuta usiwe chini ya uzito wa vyote vinavyovutwa. Na katika kaunti saba zinazozunguka Minneapolis na Saint Paul, siku za kazi ni marufuku kutembea nao kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 hadi saa 1 jioni. Sheria hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili: anayekwenda kuvua samaki asimcheleweshe nesi anayewahi zamu. Michigan wanadai idhini ya ziada kwenye leseni. Yapo pia majimbo yasiyotaka kabisa kuona tela la pili nyuma ya la kwanza, kwa hiyo uliza kabla ya kuvuka mpaka.

Sasa njoo kwenye chuma. Karavani ninayoisema haifungwi nyuma ya bampa la pikapu. Ina shingo inayopanda juu ya bodi, na chini ya shingo hiyo kuna kingipini, msumari mnene unaoingia na kujifunga kwenye sahani iliyokaa karibu na ekseli ya nyuma. Ni kiungo kile kile cha semi-tela zinazopita barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Uzuri wake ni kwamba uzito unaikalia pikapu badala ya kuning'inia nyuma yake, na karavani haiyumbi ovyo.

Uzuri huo ndio unaoharibiwa na boti, na hapa naomba tuende polepole. Kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wa karavani inapaswa kuikalia kingipini. Ukitundika kitu mkiani, mkia unashuka na shingo inataka kuinuka, kama bembea ya ubao ya watoto, ekseli zikiwa katikati. Chukua mfano: shingo ya tela la boti inalemea ndoano kwa kilo 100, ndoano iko mita 3 nyuma ya ekseli za karavani, na kingipini iko mita 6 mbele yake. Kilo 100 hizo zinaondoa kilo 50 kwenye kingipini na kuzitwika ekseli kilo 150. Ongeza jenereta, baiskeli na masanduku ya vinywaji, vyote vikiwa vimesukumwa nyuma kwa sababu ndiko kwenye mlango mkubwa, na kingipini inazidi kuwa nyepesi. Karavani iliyopungukiwa uzito mbele huanza kuyumba, na ikiyumba na boti linayumba nyuma yake. Vitu vizito vikae mbele ya ekseli au juu yake. Jenereta halina hadhi ya kukaa mlangoni.

Halafu kuna bampa la karavani. Wengi wanaliona pana na jeusi, wanaliamini. Mara nyingi ni bomba jembamba la mraba, lililochomelewa ili libebe spea tairi na mambo mepesi ya namna hiyo. Boti halitundikwi hapo. Hata dogo. Hata kwa safari fupi. Hata shemeji akiapa kuwa yeye hufanya hivyo kila mwaka. Ndoano ya boti ifungwe kwenye vyuma vikuu vya chesisi, na fundi anayejua kuchomelea chesisi, baada ya wewe kusoma kitabu cha karavani na kuona mtengenezaji anaruhusu. Akiwa amekataza, mjadala umekwisha: boti livutwe na gari la pili, na shemeji aendeshe.

Ukishafunga, nenda mizani. Vituo vingi vikubwa vya malori huko vina mizani, na mwenye karavani anapimiwa kama mwenye lori. Lakini pima ulivyopakia: maji kwenye tangi, petroli kwenye boti, watoto, bibi, mbwa. Kupima gari tupu ili upate karatasi nzuri ni kujidanganya kwa kulipia.

Breki zinahitaji akili mbili. Karavani ina breki za umeme zinazoamriwa kutoka kwa dereva. Tela la boti mara nyingi lina breki zinazojikaza zenyewe tela linapomsukuma aliye mbele yake. Jaribu zote mahali pa wazi kabla hujazitegemea. Minyororo ya usalama ipite kwa kupishana chini ya kiungo, na waya wa breki ya dharura, ule unaoifunga tela likichomoka, usisahaulike ukining'inia.

Barabarani, jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba boti hulioni. Karavani imeziba kila kitu. Tairi la nyuma kabisa linaweza kupasuka na wewe ukaendelea kuimba. Funga kamera nyuma ya karavani, funga na vipimo vya upepo kwenye matairi, na simama baada ya kilomita chache uguse vikombe vya magurudumu kuona kama vina moto kupita kiasi. Matairi mengi ya matela yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, kama kilomita 105. Anayekupita apite.

Kuhusu kurudi nyuma: usirudi. Tela moja lina adabu, ukilijua litakwenda. Mawili yana viungo viwili vinavyopinda kila kimoja upande wake, na ndani ya mita chache boti limeikunjia karavani ubavuni. Kwa hiyo usiingie mahali kabla hujajua utatokea wapi. Jaza mafuta kwenye pampu za malori, chagua kambi zenye viwanja vya kuingilia huku na kutokea kule, na ukikwama, fungua boti kwanza. Mwenzako ndiye utingo wako. Akisema simama, simama; ubishi uwekeni hadi jioni.

Ukifika, karavani ibaki kambini na pikapu ishuke na boti peke yake, kwa ndoano yake yenyewe. Usilizamishe tela likiwa bado na joto la safari: beringi za moto zikikutana na maji baridi huyavuta ndani, na grisi inaharibika. Ziache zipoe, piga soga.

Na siku ya kuondoka, boti likishatoka majini, chomoa kizibo cha chini na maji yote yamwagike pale pale, kisha usikirudishe mpaka ufike ziwa jingine. Minnesota hiyo ni sheria, kwa sababu maji yaliyobaki hubeba vichanga vya kome wadogo wenye milia, walioingia Maziwa Makuu ya Marekani miaka ya 1980 na ambao hadi leo wanahamishwa ziwa hadi ziwa na maboti ya watu. Tafadhali, chomoa kizibo kwanza, ndipo uanze kusimulia ukubwa wa samaki.