Mnofu Ulaya, Mifupa Obunga

Mtchew! Mkubwa akisimama jukwaani akatangaza kwamba biashara ya nje imeinufaisha nchi, sisi wa kijiwe cha Kondele, hapa Kisumu, tunauliza swali moja tu: hiyo nchi inakaa mtaa gani? Ingekuwa inakaa Obunga tungeshakutana nayo. Obunga ni hapo tu, ukipanda boda hata hujamaliza kubishana nauli umefika.

Nendeni mkaone. Karai limekaa juu ya mafiga, mafuta yameshakuwa meusi kwa kukaanga tangu alfajiri, moshi unaingia macho ya mpishi na ya mteja bila ubaguzi. Kinachokaangwa ni mgongo wazi: kichwa cha mbuta, uti wa mgongo na mkia, basi. Kiwandani wameshapitisha kisu ubavu huu na ubavu ule, minofu miwili imelala kwenye barafu ikingoja ndege, na mabaki yameuzwa kwa akina mama. Mteja mzoefu anajua pa kushika. Kwenye mashavu kuna kinyama, na nyuma ya shingo pia, mahali kisu kilipopita kwa haraka. Anachokonoa, ananyonya, anatema mwiba, analipa. Mbuta ni samaki anayeweza kupita kilo mia moja, lakini mtu anaweza kuzaliwa Obunga, akamla maisha yake yote, na asijue mnofu wake una ladha gani.

Tukifika hapo mwalimu wetu mstaafu wa uchumi, ambaye kijiwe kizima kinamwita Japuonj, hukohoa kidogo. Mkimsikia akikohoa, jueni David Ricardo anakuja.

Huyu Ricardo alikuwa tajiri wa soko la hisa la London, na mwaka 1817 alitoa kitabu chenye hoja ambayo mpaka leo inafundishwa kila chuo. Alichukua Ureno na Uingereza, divai na nguo. Akasema hata kama Ureno inaishinda Uingereza kwa vyote viwili, bado inafaa Ureno ishike kile inachoshinda kwa mbali zaidi, yaani divai, na nguo iwaachie Waingereza. Wakibadilishana, wote wawili watapata zaidi ya kila mmoja kujitengenezea vyote. Hiyo ndiyo faida linganishi. Japuonj huieleza kwa mama wa Obunga: tuseme anakaanga samaki kuliko wote mtaani na anasuka nywele kuliko wote pia. Akiacha karai ili asuke, anapoteza pesa. Heri akaange, na jirani asuke.

"Sawa, Japuonj," akasema kijana mmoja wa boda, miguu juu ya tangi. "Na yule msusi akishindwa na msusi mwingine wa bei nafuu, anaenda wapi?"

Japuonj akanyamaza, na Japuonj hanyamazi ovyo. Maana hapo ndipo kitabu kinapovuja. Hesabu ya Ricardo inamchukua mtu kutoka shamba la zabibu na kumweka kiwandani kama anahamisha kiti. Mvuvi wa ufukwe wa Dunga aliyeshindwa na samaki wa nje hawezi kuamka kesho akawa mkulima wa maua Naivasha. Hana shamba, hana mtaji, na mtumbwi haupandi matatu. Wachumi wenyewe walikuja kukiri kwamba wapo wanaoumia. Mwaka 1941 Wolfgang Stolper na Paul Samuelson walionyesha kwamba nchi inaweza kufungua mlango wa biashara, jumla yake ikapanda, na bado kundi zima la watu likawa maskini kuliko jana. Watetezi wa biashara huria wakajibu kwamba hilo si neno, walioshinda wanaweza kuwafidia walioshindwa na bado wakabaki na chenji. Wanaweza! Hakuna aliyesema watafidia.

Turudi ziwani. Kenya ina kipande cha asilimia 6 tu cha Ziwa Victoria. Lililobaki ni la Tanzania na Uganda. Mbuta mwenyewe si mwenyeji. Aliingizwa katika miaka ya 1950, akala fulu wetu wadogo mpaka wakakaribia kwisha, na kufikia miaka ya 1980 amekuwa dhahabu. Viwanda vikajengwa Kisumu na miji jirani, Ulaya ikanunua. Faida linganishi ikafanya kazi, tusiseme uongo. Watu walijenga, watoto walisoma, injini za mitumbwi zilinunuliwa.

Halafu Ulaya ikafunga mlango. Mwaka 1997 ilikuwa bakteria wa salmonela. Mwanzoni mwa 1998 kipindupindu kilipozuka huku, samaki wabichi wakakataliwa, ingawa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema hatari ya kipindupindu kupita kwenye samaki wa kuuzwa nje ni ndogo sana. Mwaka 1999 ikawa sumu za kuua wadudu, baada ya habari za watu kutia sumu majini ili kuvua. Kenya ilikaa nje ya soko hilo karibu mpaka mwisho wa 2000, wakati majirani wameshafunguliwa. Bei ufukweni ilianguka, viwanda vikapunguza watu. Mvuvi ambaye hajawahi kuona ndege kwa karibu akajifunza kwamba bei ya samaki wake hupangwa na mtu aliyevaa koti jeupe mbali kabisa. Hayo ndiyo masharti ya afya ya chakula, na yana nguvu kuliko ushuru. Ushuru unalipa unapita. Cheti ukikosa, hupiti.

Lakini Wazungu hawakutuonea kwa kila kitu, jamani. Sumu ilitiwa majini kweli, na walioitia walikuwa watu wetu. Baada ya ule msukosuko fuo zikaanza kujengewa mabanda ya kupokelea samaki, ukaguzi ukakaza. Mnunuzi mkali ametufanyia ambalo serikali yetu haikutufanyia kwa mapenzi.

Sasa samaki wa China. Hapa ndipo kijiwe hupandisha sauti, na hapa ndipo mimi huachana na wenzangu.

Wenzangu wanasema: Kisumu, mji wa ziwa, kula samaki wa katoni aliyesafiri baharini akiwa barafu ni aibu. Wafukuzwe! Uvumi nao ukapita wa zebaki na risasi katika nyama yao, kila mtu ameusikia kwa mtu mwingine. Mimi nasema aibu haijazi sufuria. China ndiyo inayofuga tilapia wengi kuliko nchi yoyote duniani, na katika miaka ya karibuni Kenya nzima, ziwa, bahari na mabwawa pamoja, imekuwa ikizungukia tani laki moja na nusu kwa mwaka. Watu wameongezeka, ziwa halijaongezeka. Mvuvi wa Ghuba ya Winam anayemtaka mbuta mkubwa siku hizi anafukuzana naye mpaka Migingo, jiwe lisilofika hata ekari moja, ambako polisi wa Uganda wamekuwa wakimdai ada, na hii ni miaka mingi baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanza umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Soko la pamoja! Mtchew.

Na mkitaka kusema kuhusu mgeni na mwenyeji, mtajikwaa. Yule mnayemwita ngege na kumpigania, sehemu kubwa ni nyamami, tilapia wa Nile, ambaye naye aliletwa ziwani katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Ngege wa babu zetu, yule wa asili, amekuwa adimu. Na tilapia anayefugwa zaidi China ni huyo huyo wa Nile, amechukuliwa Afrika, amefugwa huko, amerudi na katoni. Ni binamu yenu. Ametoka majuu na bei nafuu.

Mama mmoja anayeuza samaki soko la Kibuye alikuwa amesimama pembeni akingoja pikipiki, akatusikia tukilaani katoni. Akafyonya hata mbwa akageuka. "Nyinyi wanaume mnapenda ziwa kwa sababu hamlinunui," akasema. "Ufukweni nikifika na pesa yangu mkononi, mvuvi ananiambia pesa haitoshi. Mnajua anataka nini. Ghala la katoni naulizwa ngapi, nalipa, naandikiwa risiti, naondoka."

Kijiwe kikatazama chini. Jaboya kila mtu hapa anaijua, ule mtindo wa mwanamke kulazimika kuwa mpenzi wa mvuvi ndipo auziwe samaki. Imesambaza Ukimwi katika fuo hizi na kuvunja nyumba. Hakuna jedwali la uagizaji lenye safu ya kuandika faida ya mwanamke aliyenunua bidhaa yake bila kushikwa mkono. Ricardo hakuifikiria. Wala Stolper na Samuelson.

Kwa hiyo mlango ukifungwa, anayeumia wa kwanza ni huyo mama, kisha mteja wake mwenye shilingi za kuhesabu. Na tumeshajaribu kuufunga. Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba samaki wa China wazuiwe, amri ikatolewa. China ikalalamika, samaki wakawa haba, na mapema 2019 katoni zikarudi kana kwamba zilikwenda haja tu. Aprili ya mwaka huo huo Kenya na China zikatia saini makubaliano ya maparachichi yaliyogandishwa. Mwaka 2022 mabichi nayo yakaruhusiwa. Sisemi moja lilibadilishwa kwa jingine, sikuwa mezani. Nasema tu tuangalie ramani. Parachichi linachumwa Murang'a. Samaki anashuka bei Dunga. Kwenye daftari la Nairobi hiyo ni mistari miwili ya nchi moja, na ikijumlishwa Kenya imefaidika. Mvuvi wa Dunga hana parachichi.

Mitumba ni hadithi hiyo hiyo, nitaipitia mbio. Mji huu ulikuwa na KICOMI, kiwanda cha nguo za pamba, kikafa miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, ingawa wizi na usimamizi mbovu wa viwanda vyetu vya umma nao haukuwa shahidi tu. Leo Kibuye imejaa nguo za Ulaya na Marekani, na maelfu wanakula kwa hayo marobota. Nchi za Jumuiya zilipopanga kuzipiga marufuku kufikia 2019, wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakakimbilia serikali yao, ikatishia nafasi yetu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Biashara huria ina wenyewe.

Basi tufanyeje, mzee? Kijana wa boda ndiye aliyeuliza, na nilimjibu hivi.

Katoni ije, lakini ipimwe. Ulaya walipotutilia shaka walitudai vyeti mpaka tukajenga maabara. Na sisi tupime kila shehena kwa ukali huo huo na matokeo yabandikwe ukutani, ili uvumi wa zebaki ufe au uthibitishwe. Kupima si vita vya biashara.

Pili, ushuru. Kiwango cha kawaida cha Jumuiya kwa bidhaa iliyo tayari kutumika kimekuwa asilimia 25 kwa muda mrefu, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaongeza ushuru mwingine kwa samaki kutoka nje. Nani analipa? Si China. Analipa mteja wa Kibuye ndani ya bei ya kila kipande. Pesa inaingia Hazina, na huko inachanganyika na pesa za barabara za watu wengine. Mvuvi aliyetajwa kuwa ndiye analindwa haoni hata senti.

Hapa ndipo ninapopigia meza. Wafugaji wa vizimba, vile vizimba vinavyoelea kuanzia Siaya mpaka Homa Bay, wana tatizo moja kubwa, nalo ni chakula cha samaki. Kinakula zaidi ya nusu ya gharama yao. Kinatengenezwa kwa soya, ambayo nyingi tunaagiza, na kwa omena, dagaa wa ziwani, ambao ndio kitoweo cha mnyonge wa ufukweni. Kiwanda cha chakula cha mifugo kikifika na lori, mama wa omena hana bei ya kushindana nacho. Mchina anamshinda Mkenya kwenye gunia la chakula kabla hajamshinda sokoni. Unaweza kupandisha ushuru mpaka mawinguni, gunia litabaki pale pale.

Kwa hiyo fidia ambayo vitabu vinasema inawezekana, na ilipwe. Ushuru wa samaki wa nje utengwe, usiingie mfuko mkuu. Uende kwenye mbegu bora ya vifaranga, kwenye soya ipandwe Nyando na Migori, na kwenye mashine za barafu ufukweni zinazomilikiwa na akina mama, ili mwanamke awe na ghala lake na bei yake hata anaponunua kutoka ziwani. Wabunge wa Nyanza wapo, magavana wa kaunti za ziwa wapo na umoja wao upo. Kila Juni bajeti inasomwa, na kila Juni nawasikia wakilia juu ya katoni za China, kisha wanapiga kura bila kuuliza ushuru wa katoni hizo ulikwenda wapi. Juni ijayo, msomaji, kabla hujampigia makofi mbunge wako kwa kuwatukana Wachina, muulize hilo.