Drili ya Betri kwa Mwenye Nyumba wa Singida: Tunahesabu Kutoka Nane

Kwanza tukubaliane nani anazungumziwa. Fundi anayeamka na kofia ya kazi kichwani aende zake, yeye ana mashine yake na kiburi chake. Hapa ni wewe, mwenye nyumba wa Mandewa, Minga au Misuna, ambaye kwa mwaka mzima unatoboa pale pazia linaponunuliwa, kitanda kinapolia usiku, au televisheni mpya inapotaka kupanda ukutani. Siku zilizobaki drili italala kabatini. Kwa hiyo nunua ya bei nafuu bila aibu. Ila nafuu ziko mbili: inayotoboa, na inayopamba kabati. Tuanze na yasiyo na maana, tushuke hadi kwenye lenyewe.

8. Rangi

Njano, kijani, bluu, chungwa. Ukuta hauna macho. Twende.

7. Sanduku la vikorokoro

Muuzaji atafungua sanduku taratibu kama anayefunua sinia la pilau: keekee za kila saizi, vichwa vya bisibisi, soketi na futi ya mkanda. Usiyumbe. Keekee za bure mara nyingi ni za chuma laini, zikigusa bloku zinabaki butu kama kijiko. Chukua mashine peke yake, kisha nunua keekee tatu za maana: ya milimita 6 na ya milimita 8 za ukuta, zile zenye kijincha kipana cha madini magumu mbele, na moja ya mbao. Ongeza pakiti ya fisha na skrubu zinazolingana nazo. Sanduku waachie watoto wacheze gereji.

6. Taa ndogo

Kila drili siku hizi ina kitaa chini ya pua. Umeme ukikatika kitakusaidia kutafuta kiberiti. Ni kazi ya heshima, lakini haiongezi bei.

5. Mota isiyo na brashi za kaboni

Ni nzuri kweli: inatumia chaji kidogo na inadumu. Kwa fundi ni akiba. Kwako wewe, brashi za kaboni za mota ya kawaida zitaishi kuliko deni la harusi. Hela hiyo ipeleke kwenye namba moja.

4. Mdomo, pete na gia

Hapa anza kutumia mikono. Mwambie muuzaji aweke keekee ndefu, kisha uwashe. Ncha ikitulia, sawa. Ikichora duara hewani, rudisha mashine mezani kwa adabu na umwambie awasalimie nyumbani kwake. Mdomo wa milimita 10 unakutosha kwa kazi nyingi za ndani. Wa milimita 13 ni ziada njema.

Nyuma ya mdomo kuna pete yenye namba. Watu wengi huiona pambo. Kazi yake ni kuachanisha mdomo na mota pale nguvu inapofika kiwango ulichoweka, skrubu isizame hadi ng'ambo ya pili ya ubao. Anza namba ndogo, panda taratibu. Juu ya mashine kuna swichi ya gia: ya kwanza ni ya polepole yenye nguvu, kwa skrubu, ya pili ni ya mbio, kwa kutoboa. Upepo wa Singida ukilegeza bati la banda la kuku, hiyo ni kazi ya gia ya kwanza. Ukipanda juu na ya pili, utazungusha kichwa cha skrubu mpaka kiwe laini, na kuku watakuangalia.

3. Ukuta wako

Kabla hujauliza bei, jua unatoboa nini.

Tofali la kuchoma na bloku ya saruji: drili ya betri yenye alama ya nyundo kwenye pete inatosha. Isiyo na nyundo itasugua tu, na keekee itapata moto bure. Lakini angalia kwanza swichi na soketi ziko wapi, kwa sababu waya hupanda na kushuka ukutani kuzifuata, na nyundo haina huruma na waya.

Mninga kutoka misitu ya Manyoni na Itigi: mbao nzuri, lakini si za kuchezea. Tangulia na keekee nyembamba, kisha skrubu ifuate. Ukilazimisha, skrubu itakatika shingo na kubaki humo milele.

Ukuta wa udongo wa tembe: weka drili chini. Fisha itaingia vizuri na kutoka na kipande cha nyumba ya babu. Funga kitu chako kwenye nguzo ya mti.

Lenta na nguzo za zege: hapo nyundo ya drili ndogo inalia tu bila kusogea. Zege linataka mashine kubwa ya kugonga, ile ambayo keekee zake zina mifereji kwenye shina. Usiinunue kwa matundu mawili. Mwite fundi, mlipe, mpe na chai.

Halafu kuna itale. Mji wenyewe umekaa katikati ya majabali, kuanzia kando ya Ziwa Singidani, na kuna watu wamejenga mpaka msingi unaegemea jiwe. Msikilize anayekwambia drili yake ya bei chee inatoboa jabali, cheka, agiza soda. Black & Decker walitoa drili ya betri tangu 1961, na mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 walikwenda mwezini na drili ya betri iliyotengenezwa maalumu. Mashimo ya kupimia joto yalitakiwa yafike mita 3. Hakuna lililofika hata mita 2. Na huko hakukuwa na itale la Singida.

2. Volti za kwenye boksi

Sasa tufike kwenye uongo mkubwa kuliko wa wavuvi. Utaona boksi limeandikwa 48, lingine 88, lingine 128, na herufi za kuvutia pembeni. Mtu anatoka dukani anaamini amebeba kituo cha TANESCO.

Hesabu ni hii. Seli moja ya lithiamu ina wastani wa volti 3.6, na ikijaa chaji inafika kama 4. Drili za kawaida za nyumbani zina seli tano mfululizo: 3.6 mara tano ni 18, 4 mara tano ni 20. Ndiyo maana "18V" na "20V" za makampuni mbalimbali ni mashine za daraja lilelile. Mmoja kapima seli zikiwa kazini, mwingine kazipima zimetoka kushiba. Vilevile 10.8 na 12 ni ndugu wa seli tatu. Zile 88 na 128 mara nyingi ni seli tano zilezile, zimevaa suti.

Kwa kitanda, kabati na pazia la kwenye mbao, ya 12 inatosha na ni nyepesi. Kwa nyumba zetu za tofali na bloku, chukua ya 18 au 20 yenye nyundo. Namba zaidi ya hapo kwenye drili ya bei chee, mwulize muuzaji kwa upole: "Kaka, seli ziko ngapi humo ndani?" Kimya chake ni jibu.

1. Betri yenyewe

Mashine ya matumizi madogo haifi mapema. Betri ndiyo hufa. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si bei ya drili, ni hili: "Betri peke yake mnauza?" Kama haipo Singida mjini, wala Dodoma haijulikani, hiyo drili ni ya kutupa, hata ukipewa kwa bei ya jogoo mmoja.

Ishike mkononi. Seli moja ya kawaida ina uzito wa kama gramu 45. Betri ya volti 18 au 20 yenye ampea-saa 2 huwa na seli tano. Ya ampea-saa 4 huwa na kumi, na mkono lazima ujue tofauti. Ganda kubwa jepesi limejaa hewa. Ukipata seti yenye betri mbili za 2, ipende kuliko moja inayojisifu: moja inachajiwa, nyingine iko kazini.

Nyumbani usiiweke stoo chini ya bati, joto linaiua. Usiihifadhi ikiwa imeisha kabisa. Iache na nusu chaji, uiongeze kila baada ya miezi michache. Na shemeji akija kuazima, mpe mashine na betri moja. Ya pili ibaki, maana shemeji hurudisha mashine, chaji hairudishi.

Ukilipa, dai risiti ya EFD na uandikiwe muda wa dhamana. Jina maarufu kwa bei ya ajabu ni la kutiliwa shaka, bandia ziko nyingi.

Kwa kifupi cha dukani: volti 18 au 20, nyundo, betri mbili za ampea-saa 2 zinazouzwa pia peke yake, keekee tatu nzuri. Rangi chagua unayoipenda.