Kamati ya Kutu

Kikundi chetu cha kuzoa taka hapa Soweto East, Kibera, kiliponunua gari lake la kwanza, tulikuwa tumekubaliana mambo yote makubwa kabla halijafika: nani ataendesha, nani atashika funguo, na nani haruhusiwi kabisa kuliazima la harusi. Jambo moja tu lilitupita. Hakuna aliyeuliza tutafanya nini na upande wake wa chini.

Lenyewe ni kale kalori ka Japani ka cc 660, ambako wenyewe Wajapani wamekapangia kubeba kilo 350. Sisi tunaliita lori kwa heshima, na hizo kilo 350 tunazichukua kama ushauri wa mgeni. Nikisema lilikuwa jipya, msomaji wa Nairobi ananielewa. Sheria ya Kenya inataka gari la mtumba liwe halijazidi miaka 8 tangu lisajiliwe kwao, kwa hivyo letu lilikuwa jipya kama suti ya Gikomba: safi, limepigwa pasi, na mfukoni mna risiti ya mtu mwingine.

Basi likaegeshwa kando ya ile barabara iliyopasuliwa katikati ya Soweto na KENSUP, mradi wa kuboresha mitaa ya mabanda, na kabla dereva hajazima injini wataalamu walikuwa wamejaa. Mtu wa Kibera anaweza kuishi maisha yake yote bila kumiliki hata baiskeli, lakini kwenye somo la kutu ana shahada. Tunalala chini yake. Ukipanda juu ya ghorofa yoyote ya Canaan, zile nyumba za mradi huo huo, ukatazama, utaona mabati ya kila umri, kuanzia yale yanayometa hadi yale yaliyobaki kama biskuti, na mwenye kila bati anaweza kukueleza lilianza kuharibika masika gani na kwa kosa la fundi yupi.

Wa kwanza kuinama alikuwa mzee mmoja ambaye ameezeka nusu ya mtaa wetu. Alitazama chini ya gari kwa muda, akainuka huku ameshika kiuno. "Vijana," akasema, "kutu haianzi kwenye bati. Inaanza penye msumari." Akatufafanulia kwamba bati jipya lina ngozi ya zinki, na zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kilicho chini kipone. Lakini ukilitoboa na kupachika msumari wa bei rahisi, maji hukaa pale pale kwenye tundu, na kuanzia hapo hesabu za bati zimeanza kurudi nyuma. Tukamshukuru. Mimi ndiye katibu, nikaandika: *Mzee amezungumzia msumari.* Gari lenyewe halikuwa na msumari hata mmoja, kwa hiyo sikuandika zaidi.

Wa pili alikuwa mzee wa Kinubi aliyestaafu, ambaye husema akiwa ameketi na husikilizwa na waliosimama. Yeye alinyoosha bakora kuelekea relini. "Ile njia imepita hapa tangu Mwingereza. Nani aliipaka dawa?" Hoja ilikuwa nzito na watu wakaguna. Reli ni ya kahawia kila mahali isipokuwa juu, pale magurudumu ya treni yanapoisugua, na bado inabeba mizigo. Ilibidi fundi mmoja amjibu kwa adabu zote kwamba reli ni chuma kinene kama mkono wa mtoto, wakati chesisi ya gari letu ni bati lililokunjwa, unene wake ni milimita chache tu. Kutu ikila milimita mbili za reli, imeonja. Ikila milimita mbili za gari letu, imemaliza.

Dereva naye alikuwa na nadharia yake, ya kutisha kuliko zote. Alidai gari limetoka Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili theluji iyeyuke, na magari ya huko hufika Mombasa yakiwa yameliwa miguu. Ushahidi wake ulikuwa karatasi ndogo iliyobandikwa mlangoni, yenye maandishi ya Kijapani. Ile karatasi ilituondolea usingizi. Mweka hazina alianza kulitazama gari kwa jicho analomtazamia mdaiwa. Hatimaye kijana mmoja mwanafunzi akaielekezea simu yake, simu ikatafsiri: kumbusho la kubadilisha oili.

Tukaitisha mkutano nyuma ya kioski cha maji. Ajenda Na. 3: Kutu.

Niseme hapa kile ambacho mkutano haukutaka kusikia. Gari la siku hizi halitoki kiwandani uchi. Bodi huzamishwa nzima ndani ya bwawa la rangi, na umeme huisukuma rangi hiyo hadi kwenye kona ambazo brashi haifiki. Panapobaki udhaifu ni kwenye viungo vilivyochomelewa, ndani ya vyuma vilivyo kama mabomba ambamo tope huingia likakataa kutoka, na palipochubuliwa na mawe. Bahari iko Mombasa, kilomita karibu 480 kutoka hapa, na theluji tunaiona kwenye kalenda. Adui wetu ni mwingine, na tulikuwa tunampandisha garini wenyewe kila asubuhi: mchuzi wa taka. Maganda ya machungwa, mabaki ya maharagwe yenye chumvi, nyanya zilizochacha, vyote vikikaa ndani ya gunia juani hutoa maji yenye ukali wa siki. Maji hayo hupenya kwenye nyufa za sakafu ya kichanja na kuteremka polepole juu ya chesisi kutoka hapa hadi jaa la Dandora, kuvuka jiji lote, na foleni za Nairobi huyapa muda wa kutosha. Nina imani, ingawa wenzangu wanapinga, kwamba taka za Canaan ndizo zenye mchuzi mwingi zaidi. Zile nyumba 822 zilipokabidhiwa mwaka 2016, watu walipata mifereji ndani ya nyumba, na mtu mwenye mfereji humwaga maji bila huruma.

Mkutano uligawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilitaka andasili, ile lami nyeusi inayopakwa chini ya gari. Tuliletewa bei kutoka Industrial Area. Mweka hazina aliisoma, akaikunja karatasi, akaiweka mahali anapoweka barua za watu wanaotuomba michango. Kambi ya pili ilikuwa ya mekanika wetu wa kandokando ya barabara, na dawa yake ni oili chafu iliyochanganywa na dizeli, ikapulizwa kwa kompresa. Dizeli huilainisha oili ipenye kila ufa, kisha oili hubaki ikizuia maji. "Matatu zote hufanya hivi," alisema. Bei yake ilikuwa ya kindugu. Kura zikapigwa, undugu ukashinda.

Kazi ilifanywa Jumamosi. Naomba msomaji aitafakari siku hiyo. Jumamosi ndiyo siku ambayo kwaya ya kanisa la jirani hufua majoho yake meupe na kuyaanika kwenye kamba, na kamba hiyo inakatiza hatua chache kutoka mahali ambapo mekanika alikuwa amewasha kompresa. Upepo ulitoka upande wa bwawa la maji lililo karibu. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyegundua kitu, kwa sababu moshi wa oili ukiwa hewani ni mzuri, unang'aa kidogo. Kisha mama mmoja akatoka nje kugeuza nguo.

Nimehudhuria mikutano mingi, ya chifu, ya wanasiasa, hata ya wenye nyumba, lakini sijawahi kuona watu wakijieleza kwa ufasaha kama kwaya ile siku hiyo, sauti ya kwanza hadi ya nne. Fidia ilikuwa sabuni ya unga kwa mifuko, na nguvu kazi ya vijana wetu wa kufua. Majoho hayakutakata yote. Jumapili waliimba wakiwa na madoadoa, na mhubiri, ambaye nadhani alikuwa amejulishwa, alihubiri juu ya kusafishwa.

Jumatatu dereva akateremka kuelekea mtoni akiwa na mzigo, akakanyaga breki, breki zikamsikiliza bila kumjibu. Mekanika alikuwa amepuliza bila kufunika kitu, na oili haibagui chesisi na breki. Gari lilisimama kwenye rundo la taka lililokuwa limekaa pale wiki nzima, ambalo wakazi walikuwa wamelilalamikia kwa barua. Ni mara ya kwanza kuchelewa kwetu kumemwokoa mtu. Na kilichobaki cha ile oili kilikuwa kimeanza kudondoka na kufuata mtaro kwenda Mto Ngong, ule ule tunaousafisha tukiwa na fulana zilizoandikwa mgongoni kuhusu mto safi. Mtu alipiga picha. Fulana zilionekana vizuri.

Aliyetutoa kwenye aibu hiyo ni dada mmoja mchomeleaji, anayetengeneza milango na masanduku ya shule. Hakuomba kuona gari letu kwanza. Alituita nyuma ya kibanda chake, palipokuwa na pikapu moja kuukuu iliyopakwa lami chini, nyeusi, nyororo, ya kuvutia. Akachukua bisibisi, akaisukuma. Iliingia hadi mpini, na maji ya kahawia yakatoka. "Huyu alipaka juu ya uchafu," akasema. "Lami ikifunika maji, imeyafungia ndani na chuma." Kisha akatupa orodha yake, fupi kuliko tulivyotarajia: osheni, kausheni, pigeni brashi ya waya palipoanza kutu, pakeni rangi ya zinki hapo tu, zibueni matundu ya kutolea maji, halafu muache.

"Muache?" akauliza mekanika.

"Muoshe tena wiki ijayo. Na mzibe huko juu kunakovuja."

Osha! Huyu dada alizaliwa hapa hapa. Anajua mtungi wa lita 20 ni shilingi 5 maji yakiwa mengi, na yakikatika bei hupanda hadi 20 na zaidi, na kina mama husimama foleni hata usiku. Kulilaza lori chini ya maji safi mbele ya foleni ile ni kutafuta kupigwa na mitungi. Tulipatana na mwenye kuosha magari kule juu barabarani: sisi tunamzolea taka bure, yeye anapiga chini ya gari letu kwa pampu. Mweka hazina alifurahi mpaka akalipia soda.

Kazi ya kuzuia mchuzi usidondoke ilimalizwa na turubai. Kijana wetu mmoja alipata bango kubwa la kampeni lililopitwa na uchaguzi, plastiki nene isiyopenya tone, tukalitandika kwenye kichanja. Ubishi ukawa uso wa mheshimiwa uelekee wapi. Wengine walisema juu, afanye kazi akionekana. Mweka hazina akaamua uelekee chini, kwa kuwa uchaguzi wa 2027 hauko mbali na huenda mheshimiwa mwenyewe ndiye atakayelikodi gari.

Chini ya lori sasa ni kusafi. Mzee wa Kinubi huleta wageni walione. Kwa hiyo mkutano uliopita ulishtuka dereva aliposema ameona alama ya kahawia, si chini, bali juu kabisa ya paa la kichwa cha gari. Mvua ikinyesha anadondokewa begani. Tukatoka wote tukapanda kutazama. Ni pale tulipolikodisha kwa mkutano wa injili, na wenyewe wakatoboa paa wakafunga spika kwa skrubu, wakaondoka na spika na kutuachia matundu na skrubu moja iliyovunjikia ndani.

Mzee wa mabati hakupanda. Alikuwa ameketi chini kivulini, akaniita kwa kidole. "Katibu," akasema, "fungua kile kitabu chako utusomee nilichosema siku ya kwanza."